Mraba Uliobaki Wazi

Sajini hakuanza kwa kuuliza bibi amekwenda wapi. Aliuliza amekula nini.

"Hajala kitu, afande," akajibu Mshonaji, utepe wa kupimia nguo ukiwa bado unaning'inia shingoni. "Saa kumi na mbili na nusu nilimchoma sindano yake ya sukari. Nikaingia jikoni kuchemsha chai. Natoka na kikombe, kiti kitupu, mlango uko wazi."

"Anavumilia muda gani bila chakula akishachomwa?"

"Daktari alisema asipitishe nusu saa. Akipitisha, sukari inashuka, anaanza kutetemeka, mwishowe anaanguka. Na akianguka mahali asipojulikana..."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kasoro dakika tano. Nusu saa ilikuwa imepita zamani.

Aliyepotea ni mama yake mzazi, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mmoja. Mtaani waliendelea kumwita Mwalimu. Kwa miaka miwili akili yake ilikuwa ikienda na kurudi. Siku njema aliwasahihisha watangazaji wa redio. Siku mbaya alimtazama binti yake kwenye cherehani akamwuliza kwa adabu kabisa nguo yake itakuwa tayari lini.

"Leo aliamka vipi?"

"Aliniuliza habari ya nguo."

Sajini akaandika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwendo wa taratibu, na daftari lake lilikuwa na mwandiko ambao hata hakimu asingeweza kuulalamikia. Nyuma yake alisimama dereva wa kituo, mtu mnene aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Walimwita Breki, kwa kuwa aliikanyaga breki hata gari likiwa limesimama.

Chumbani kwa Mwalimu kitanda kilikuwa kimetandikwa. Viatu vilikuwepo. Kilichokosekana ni ndara za bafuni na mkoba wa kitambaa. Juu ya mlango kulikuwa na rafu yenye makopo matano ya rangi, yote yamevaa vumbi. Katikati yao palikuwa na duara safi, mahali lilipoondolewa kopo la sita.

Sajini akavuta kiti, akapanda, akainamisha uso hadi pua ikaribie rafu.

"Makopo haya ni ya nani?"

"Ya marehemu baba. Alikuwa mchoraji wa mabango, watu wakimwita Fundi Rangi. Huu mwaka wa kumi na moja tangu atutoke. Mama hataki rafu hiyo iguswe."

"Haya matano yamesimama wima. Lililochukuliwa lilikaa kichwa chini."

"Umejuaje, afande?" akauliza Breki.

"Kitako cha kopo huacha duara moja kwenye vumbi. Hapa pana maduara mawili, moja ndani ya jingine. Huo ni mfuniko."

Mshonaji akaweka mkono mdomoni. "Baba alilipindua kopo alilotaka kurudi kulitumia. Alisema rangi hutunga ngozi upande wenye hewa. Ukilipindua, ngozi inakaa upande wa kitako, na siku ukilifungua unaikuta rangi mbichi. Yaliyokwisha aliyaacha wima tu."

"Basi lilikuwa na kazi inayolisubiri. Rangi gani?"

Mshonaji hakujua. Lakini akafungua sanduku, akatoa daftari la kazi za baba yake. Fundi Rangi hakupenda kuandika jina la rangi. Kila kazi aliyoifanya aliiandika mstari mmoja, akachovya dole gumba kwenye rangi, akapiga chapa pembeni. Kurasa zilijaa vidole vya kila rangi, mithili ya watoto waliochafua kitambaa cha meza. Sajini akazifunua mojamoja. Katika kurasa za mwisho, chapa nne zilikuwa na kitu ambacho nyingine hazikuwa nacho, mraba mdogo wa kalamu ubavuni mwake. Kijani, duka la dawa. Kahawia, karakana ya seremala. Manjano, shule ya chekechea. Buluu, kiwanda cha barafu. Miraba mitatu ilikuwa kamili. Wa nne, ule wa buluu, ulikuwa na pande tatu tu.

"Miraba hii ni ya nini?"

"Nilidhani alikuwa anachezea kalamu."

Simu ya Sajini ikalia. Alikuwa Inspekta wake. Bibi mwenye mkoba ameonekana stendi ya mabasi, anauliza basi la kwenda mbali. Wafike upesi kabla hajapanda.

"Twende, afande," akasema Breki, funguo mkononi.

"Nenda wewe. Ukimkuta, mpe kitu kitamu kabla hujamwuliza neno. Mimi natembea."

"Unatembea? Na gari lipo?"

"Anayesafiri hubeba nguo. Huyu kavaa ndara, kabeba rangi."

Mshonaji akamtilia Sajini chai yenye sukari kwenye chupa, akamfungia na mkate. Mlangoni akamshika mkono. "Ukimwona usimwite mama, wala Mwalimu. Siku kama ya leo haitikii. Baba alimwita Jirani, maana walianza kwa kupakana ukuta. Hilo halijawahi kumpotea."

*

Duka la dawa lilikuwa kona ya tatu, limebanana na kibanda cha kinyozi. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja mkononi na maneno mdomoni. Alipoulizwa, akazima mashine.

"Bibi wa ndara? Kapita hapa, afande. Ilikuwa saa moja, nafungua. Kasimama pale ubavuni, kaweka kiganja ukutani kana kwamba anapima homa ya mtoto. Nikaona anatetemeka. Nikamkalisha kiti cha mteja, nikampa chai yangu. Na mimi chai yangu ni tamu, mke wangu hunisema kila siku. Kaimaliza, kanirudishia kikombe, kaniambia nywele zangu zimekuwa ndefu."

"Si uongo," akasema mteja.

"Wewe nyamaza, nusu ya kichwa chako bado iko kwangu."

"Kwa nini hukumzuia?" Sajini akauliza.

"Ningemzuiaje? Kasema Fundi anamsubiri."

Sajini akazunguka ubavuni. Kichochoro kile alikipita karibu kila siku kwa miaka tisa, akienda kazini, akirudi. Palikuwa na mstari mmoja wa maneno ya kijani, herufi zimenyooka, kila mkia umemaliziwa kwa mkono usio na haraka:

*Nilipotea njiani, ukaniita kwa jina*

Akausoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Kisha akausogelea akaupima kwa mwili wake. Ulimfika kifuani.

"Uliandikwa na nani?"

"Fundi mmoja mrefu kama nguzo, afande, zamani hizo. Alikuja kupaka bango la duka la dawa, akamalizia hapa. Alipiga magoti. Nikamwambia fundi, panda juu, watu wote waone. Akasema anayehusika ni mfupi." Kinyozi akajikuna. "Kila mwaka napaka chokaa ukuta huu, ila hapo nazunguka. Wateja husoma wakisubiri. Mmoja alikuwa kagombana na mkewe, akausoma, akaondoka kabla ya zamu yake. Akaja kesho yake anacheka peke yake."

Sajini akafunua daftari lake, alimonakili zile kazi nne za Fundi. Dole gumba la kijani, duka la dawa, mraba kamili. Fundi alimaliza kazi ya watu, na rangi iliyobaki akaiandikia mstari wake hapohapo, kwani rangi ya kubaki haibebwi mbali. Mraba ulikuwa ukuta, kuta zilikuwa nne, na bibi angeweza kuanguka kwenye ukuta wowote kabla ya kuufikia ule wa buluu.

"Kinyozi, Mungu akuzidishie," akasema, akaondoka. Safari hii mwendo wake haukuwa wa taratibu.

*

Karakana ya seremala ilimla saa nzima. Ilikuwa imehama mara mbili, na kila aliyeulizwa alielekeza ilipokuwa zamani. Akiwa njiani Breki akapiga simu.

"Afande, si yeye. Huyu ana safari yake na tiketi yake. Nilipompa soda ameniuliza kama mama yangu anajua kazi yangu ni kusumbua wazee wa watu."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia mama anajua. Sasa nakufuata wapi?"

"Kaa na gari karibu na Mshonaji. Nitakuita."

Aliipata karakana ya zamani kwa kufuata macho yake, si maelekezo. Mabanda sasa yalikuwa ghala la magunia, lakini kwenye kichochoro cha pembeni maneno ya kahawia yalikuwa yanang'aa, yamepakwa vanishi:

*Nikatembea gizani, mikono tukashikana*

Yalikuwa na kimo kilekile cha kifua. Seremala mwenyewe alikuwa upande wa pili wa kichochoro, mtu mkavu, misumari mdomoni. Aliitema mmoja mmoja kabla ya kujibu.

"Kaja. Nimempa mkate na maziwa. Alikuwa na jasho na jua halijapanda. Mama yangu alikuwa na sukari, najua."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu. Kapumzika pale kwenye mbao mpaka saa tatu na kitu. Kisha kaniomba nimfungulie kopo."

Sajini akainua kalamu. "Ukamfungulia?"

"Mtu mzima kaomba kazi ya bisibisi. Nimdai barua?" Seremala akafuta mikono. "Rangi ya buluu. Mbichi kama ya jana. Nikarudishia mfuniko bila kuukaza, aweze mwenyewe."

"Vanishi hii ni yako?"

"Kila mwaka. Nilihama banda, sikuhama mstari." Akachukua misumari yake akairudisha mdomoni, na hapo maongezi yakaisha.

Shule ya chekechea ilijitangaza yenyewe. Kabla Sajini hajaona ukuta, alizisikia sauti za watoto wakipanga foleni ya kunawa mikono, wakiimba kwa pamoja maneno waliyoyazoea kama majina yao. Maneno yenyewe yalikuwa kwenye ukuta wa nyuma, manjano, usawa ambao mtoto mrefu angeyagusa:

*Leo nimo ukutani, nakuandika mchana*

"Ndiyo somo lao la kwanza la kusoma," akaeleza mwalimu wa watoto. "Nimelikuta, nami nikalirithi. Bibi alikuwa hapa wakati wa mapumziko. Kanyoosha foleni yangu, kanywa kikombe cha maziwa, katuaga. Nikadhani ni mkaguzi."

"Amepita upande gani?"

"Kiwanda cha barafu. Imepita kama nusu saa."

*

Kiwanda cha barafu kilikuwa kimezungushiwa ukuta mweupe kuanzia kona hadi kona. Sajini aliutembea wote unaotazama barabara. Hapakuwa na buluu hata tone, wala maandishi ya rangi yoyote. Ilikuwa saa tano na nusu, jua limeshika utosi. Maziwa ya watoto hayangemfikisha bibi mbali.

Mlinzi alikuwa getini, kofia imeshushwa hadi nyusi. "Tangu asubuhi sijabanduka hapa. Hajapita bibi. Na maandishi hakuna, ukuta nimeupaka chokaa mwaka jana mimi mwenyewe. Mwenye kiwanda mpya hataki michoro."

Breki akapiga simu tena. Inspekta anataka kutangaza kwenye redio na kupeleka watu hospitali zote. Yeye Breki amwambieje?

"Mwambie anipe robo saa."

Akaketi kwenye jiwe la getini, daftari magotini, akazichora kuta tatu kama zilivyokaa. Duka la dawa linatazama barabara, lakini mstari uko ubavuni. Karakana vilevile, mstari kichochoroni. Chekechea, ukuta wa nyuma. Hapakuwa na hata mmoja ambao mtu aliyekaa ndani ya gari angeweza kuuona. Akaunganisha kuta tatu kwa mstari wa kalamu. Mstari haukufuata barabara yoyote ya mji. Akampigia Mshonaji.

"Mama alikuwa akifundisha wapi?"

"Shule ya msingi, ile iliyo nyuma ya kiwanda cha barafu."

"Alikuwa akienda kwa njia gani?"

"Kwa miguu, afande, maisha yake yote. Akipita vichochoroni mpaka kwenye mfereji. Mwaka aliofariki baba ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho kazini."

Sajini alikuwa keshasimama. "Panda gari na Breki. Mje nyuma ya kiwanda, upande wa mfereji. Chukua na daftari la baba yako."

Akamgeukia mlinzi. "Nyuma nako umepaka chokaa?"

"Nako. Lakini huko nani anapita?"

*

Alikuwa ameketi juu ya kreti la plastiki lililopinduliwa, mgongo umenyooka, mkoba mapajani, uso karibu na ukuta. Kopo lilikuwa miguuni pake. Mkono wa kulia uliokuwa umeshika brashi ulitetemeka, na wa kushoto ulikuwa umeushika ule wa kulia.

Ukuta ulikuwa mweupe kama ule wa mbele. Lakini kutoka kushoto kulikuwa na alama za vidole, buluu, ndogondogo, zikifuatana usawa wa kifua. Sajini akainama na kutazama kwa ubavu. Chini ya chokaa herufi za zamani zilikuwa bado zimeinuka, na kila palipoinuka kidole kilikuwa kimepita. Mwalimu hakuweza kuusoma mstari kwa macho, akausoma kwa kuupapasa: *Asante yangu moyoni*.

Hapo Fundi Rangi aliishia. Nafasi iliyofuata ilikuwa laini, haikuwahi kuandikwa. Na juu ya nafasi hiyo kulikuwa na mwandiko mwingine, wima na wa duara, mwandiko wa ubaoni, rangi bado inang'aa kwa ubichi: *na mimi nimeku*

"Mama," akasema Sajini, akasahau alichoambiwa.

Bibi hakugeuka.

"Jirani."

Akageuka. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Alimtazama Sajini kuanzia buti hadi kofia.

"Umechelewa," akasema. "Haya, nishikie kopo. Mkono umeanza kunigomea."

"Nitalishika. Kwanza kunywa chai hii."

"Nikimaliza."

"Wewe darasani ulimruhusu mtoto aandike akiwa na njaa?"

Bibi akafikiri kidogo, akaona ameshindwa kihalali, akapokea kifuniko cha chupa kwa mikono miwili. Alikunywa vifuniko vitatu vya chai tamu, akala na mkate, Sajini akihesabu kila tonge. Mtetemeko ukapungua, ukaacha mabega, ukabaki vidoleni.

Mlinzi alitokeza kona akihema. "Nyie, nani amewaruhusu? Ukuta wa watu huo."

"Ulipoupaka chokaa," Sajini akamwuliza, "hukuhisi herufi?"

Mlinzi akautazama ukuta, zile alama za vidole, na bibi mwenye ndara za bafuni. "Nilihisi," akasema. "Brashi ilikuwa ikirukaruka. Niliambiwa nipake, nikapaka." Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Mimi nalinda geti la mbele. Huku nyuma sijaona kitu." Akarudi alikotoka.

Sajini akalishika kopo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akashika kiwiko cha bibi. Brashi ikachovywa, ikapanguswa ukingoni mara moja, mara mbili, kama inavyopanguswa na watu waliokaa na fundi nyumba moja. Herufi tatu zikamchukua muda ambao mwingine angeandikia barua. O. N. A. Kisha mwalimu akaweka nukta, akaegemea nyuma kuikagua kazi.

*Asante yangu moyoni, na mimi nimekuona.*

"Alisema atakuja kesho kumalizia," akasema. "Nimemngoja. Nikaona basi, nimalizie mimi."

Breki alisimamisha gari mwisho wa kichochoro, akakanyaga breki mara mbili. Mshonaji akashuka mbio, daftari la baba yake kifuani. Alipoona mama yake ameketi, anatafuna mkate, akapiga magoti hapohapo kwenye vumbi.

"Mungu wangu, nakushukuru," akasema.

Bibi akamwangalia kwa upole. "Fundi, nguo yangu iko tayari?"

"Tayari, mama. Iko nyumbani, nimeipiga na pasi."

"Ahsante. Una mkono mzuri, umenikumbusha mtu."

Sajini akaandika: saa sita na dakika kumi, ameonekana, yu hai, anazungumza. Kisha akamwomba Mshonaji afungue ukurasa wa mwisho wa daftari la Fundi Rangi, akamkabidhi kalamu yake. Mshonaji alisoma ukuta wote, vidole vya buluu na herufi mbichi, akarudi kwenye ukurasa. Akauchora upande wa nne wa mraba.

Walimpandisha bibi kiti cha mbele, kopo tupu mapajani, wampitishe kwa daktari kabla ya nyumbani. Breki alifungua na mlango wa nyuma, akasubiri.

"Panda basi, afande. Kesi imekwisha, na buti zako zimekwisha."

"Nenda polepole," Sajini akamwambia. "Mimi nina watu watatu wa kushukuru, na hakuna hata mmoja anayefikika kwa gari."

Akalibana daftari lake kwapani, akashika kichochoro kuelekea chekechea, macho yakiwa ukutani.